Matanga ya Sangala

Ukifika mwalo wa wavuvi wa Nyamhoza, kusini kidogo ya Ujiji, ukauliza habari za Scola, utaambiwa mambo mawili: kwamba dagaa wake hawana mchanga, na kwamba ndiye aliyenyoosha mkono. La kwanza husemwa kwa kumsifu. La pili, mwaka ule, lilisemwa na watu wakiangalia pembeni.

Mkono wenyewe aliunyoosha mkutanoni. Nchi nne zinazolizunguka Ziwa Tanganyika, yaani sisi, Burundi, Kongo na Zambia, zilikuwa zimekubaliana lifungwe miezi mitatu kuanzia katikati ya Mei, ili samaki wapate nafasi ya kuzaana. Bwana samaki wa serikali, kijana mpole aliyeletwa kutoka Singida na ambaye mpaka leo akipanda mtumbwi hushika kingo kwa mikono miwili, alikuja kuuliza nani atasaidia kuyalinda makubaliano hayo pale mwaloni. Wanaume wakatazama vidole vyao vya miguu. Wanawake wakakumbuka kwamba wameacha vyungu jikoni. Scola, mwenyekiti wa waanika dagaa, akanyoosha mkono, na mkono ukishapanda hewani mbele za watu huwezi kusingizia kwamba ulikuwa unafukuza nzi.

Usidhani alikuwa mpenzi wa serikali. Alikuwa mpenzi wa vichanja vyake. Miaka ya nyuma alikuwa akianika dagaa anakosa nafasi, anakwenda kuazima kichanja cha jirani, na jirani naye hana. Siku hizi mzigo wote wa usiku ulienea kwenye kichanja kimoja na bado kuku walipata pa kutembea. Na sangala, yule samaki mkubwa ambaye mtu alimbeba begani mkia ukiburuta mchangani, watoto wa Scola walikuwa wakimsikia tu, kama wanavyosikia habari za simba.

"Mimi nina wasiwasi," alimwambia Shadia siku ile ile ya mkutano. Shadia ni mtu wa Ujiji wa damu, muuza dagaa mwenzake, mwenye ulimi usiojua Jumapili wala Ijumaa. "Tangu lini mkubwa akaja ziwani akasema acheni? Waliotaka pembe walisema leteni. Waliotaka watu wakachukua bila hata kusema. Akaja Mjerumani, ng'ambo akakaa Mbelgiji, wakagawana maji kwa mstari kama watoto wanaogawana andazi, na sisi tusiulizwe. Chumvi, leteni. Mawese, leteni. Leo anatokea mkubwa anasema acheni! Hapo lazima kuna jambo."

"Ndiyo maana nimenyoosha mkono," alijibu Scola. "Leteni nimeichoka."

Wanaume waliita kufungwa huko mbalamwezi ya serikali. Jina lilikuwa la kejeli lakini halikuwa la kipumbavu. Dagaa huvuliwa kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa haimdanganyi samaki yeyote, kwa hiyo wavuvi hupumzika siku hizo, wakashona nyavu na kugombana na wake zao. Huo ndio mwezi wa Mungu. Huu wa serikali ulikuwa mrefu mno, walisema, na haukuangaza kitu.

Na kwa kweli ulikuwa mgumu. Nisikufiche, kuna nyumba zilizokula mlo mmoja na kuuita miwili. Wilfred, mumewe Scola, mvuvi tangu alipoota meno, alikwenda Gungu kufyatua matofali, akawa anarudi na mgongo uliokakamaa na hasira asiyokuwa na wa kumtolea. Aliyewavusha ni Selestini, mdogo wake Scola. Selestini ana vipe vitatu, yaani mitumbwi ya kuvulia dagaa kwa taa, na duka la vifaa vya uvuvi, na moyo mkubwa kuliko vyote hivyo. Kila mara alituma unga wa muhogo na dumu la mawese kwa dada yake, bila kelele wala masimango. Hata Shadia, ambaye hamsifii mtu bure, alisema mdogo mtu wa namna ile ni baraka.

Basi ndipo wiki ya mwisho ikafika, na baraka ikageuka.

Shadia ndiye aliyeleta habari, akihema. Selestini amechaji taa zote za sola. Amewaambia wavuvi wake Alhamisi jua likizama wasukume vyombo, wapite nyuma ya rasi, wavue. Wenye vipe wengine wakisikia hivyo nao wanatafuta mafuta ya mashine. Mwalo mzima unaingia ziwani.

Scola alimkuta mdogo wake dukani, akihesabu mishipi.

"Dada, shikamoo."

"Marahaba. Selestini, ni kweli?"

Hakujifanya hajui. Alimsogezea kiti, akakaa naye. "Dada, imebaki wiki moja. Samaki kama ni kuzaa wameshazaa, kama ni kunyonyesha wameshanyonyesha. Watu wana njaa. Na sisi tukikaa hapa kama watoto wa shule, Warundi wanaingia, Wakongo hata sijui kama waliwahi kutoka. Tutamfungia nani?"

"Gloriose ameniambia upande wao hawajaingia." Gloriose ni mfanyabiashara wa dagaa wa Rumonge, Burundi, rafiki yake Scola wa miaka mingi. "Nilimwapia kwamba na sisi hatutaingia. Wao wanatutazama sisi kama sisi tunavyowatazama wao. Ukiingia wewe, kesho wanaingia wao, keshokutwa Kongo. Njaa yote hii tumeila bure."

"Gloriose hanilishi mimi."

"Hata mimi hanilishi."

Selestini akasema neno ambalo, naamini, lilimtoka kabla hajalipima. "Aliyekulisha unamjua, dada."

Lilimchoma. Scola aliinuka, akajifunga vizuri khanga yake. "Unga wako nimeula, na Mungu akulipe. Lakini sikujua kwamba nilikuwa nakula ulimi wangu."

Alirudi nyumbani akilia waziwazi njiani, na waliomwona wakadhani ni njaa.

Sasa angefanya nini? Kwenda kumwambia bwana samaki ilikuwa rahisi, maana kijana yule angepiga simu na boti ya doria ingefika. Lakini doria ikifika, vyombo vinakamatwa, nyavu zinateketezwa, na Selestini analala mahabusu. Huyo ni mtoto aliyembeba mgongoni. Aliyemfundisha kutembea kwenye mchanga ule ule. Scola alijua kwamba akimpeleka mdogo wake kwa wenye pingu ataokoa samaki na kupoteza ndugu, na akinyamaza atapoteza samaki, neno lake, na njaa ya watu wote wa mwalo. Alikaa na jambo hilo mpaka mchana wa Alhamisi. Halafu akaingia ndani, akatoa mkeka.

Lazima nikueleze habari ya mkeka, maana hapo ndipo penye kisa chote.

Pale Nyamhoza, mtu akipotea ziwani, mwanamke wa kwake hutandika mkeka ukingoni, mahali pale pale vyombo vinaposukumwa kuingia majini. Anakaa hapo. Wenzake wanakuja kukaa naye. Na kwa muda wote mkeka ule ukiwa umetandikwa hakuna chombo kinachopita, kiwe cha tajiri au cha maskini, mpaka mfiwa mwenyewe aukunje kwa mkono wake. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo na hakuna anayekumbuka nani aliianza. Lakini mvuvi anayeweza kuruka hati ya mahakama kama anaruka dimbwi hawezi kuruka mkeka huo. Miguu inakataa.

Scola mwenyewe alikuwa darasa la tano mkeka ulipotandikwa kwao. Baba yao, Anatoli, alikwenda kuvua mbali akasombwa na upepo, hakurudi yeye wala mtumbwi. Selestini alikuwa hajaanza shule. Mama yao, Yunisi, alikaa kwenye mkeka, kisha siku moja mkeka haukuwepo, vyombo vikaingia ziwani, na Yunisi akawachukua wanawe wakahamia Simbo kwa wajomba, kulima. Hakulizungumza tena jambo hilo, na hakukanyaga tena mwaloni. Wao wawili ndio waliorudi, kwa sababu kulima hawakukuweza.

Mkeka alioutoa Scola ulikuwa wa kawaida, wa ukindu, wenye tundu pembeni. Aliutandika mbele ya vipe vya mdogo wake, akavua kandambili, akajifunika khanga kichwani, akakaa akilitazama ziwa.

Wavuvi walifika jua likiwa limeinama, wamebeba taa. Walisimama ghafla. Waligeuka huku na huku wakihesabiana nani hayupo.

"Mama, nani amepotea?" mmoja aliuliza kwa sauti ya chini.

"Sangala."

"Nani?"

"Sangala. Na kuhe. Na dagaa wa kujaza vichanja. Walikuwa hapa, hawapo, hakuna aliyewaona wakirudi. Mimi nawalilia."

Kicheko kilikuwa kikubwa. Mmoja alicheka mpaka akaweka taa chini. Mwingine, kijana mwenye kiburi cha miguu mirefu, akasema haya ni maigizo, akanyanyua mguu avuke. Mguu ulibaki hewani. Akautazama kama mguu wa mtu mwingine, kisha akaurudisha ulipotoka, na kicheko kikapungua.

Selestini alikuja mbio. "Dada, usichezee mambo ya watu. Mkeka huu si wa mzaha."

"Sifanyi mzaha. Ukiona nafanya mzaha, ukunje."

Aliinama. Alishika ncha ya mkeka, na watu wakaona vidole vyake vikiishika na kuiacha, vikiishika na kuiacha. Hatimaye akanyooka, shingo imemvimba kwa hasira. "Utachoka," alisema. "Kesho utakuwa umechoka, na kesho tunaingia."

Kilio huanza mfiwa, wa mbali wakaingia. Shadia alifika na sufuria, akakaa kulia kwa Scola akisema iwapo shehe atauliza, yeye amekuja kwenye msiba wa jirani na hakuuliza marehemu ni wa dini gani. Baada yake wakaja waanika dagaa mmoja mmoja, wengine wakiona haya, wengine wakificha vicheko ndani ya khanga, mpaka ukingo wote wa mwalo ukawa mikeka. Giza likaingia na taa za Selestini zikalala ufukweni zikiwa zimejaa umeme wa bure.

Lakini kuna jambo ambalo Scola hakulifikiria. Alikuwa ameamsha kitu kikubwa kuliko yeye.

Asubuhi dereva mmoja wa bodaboda alipita, akaona mikeka, akarudi Gungu kusema Scola wa Nyamhoza amefiwa. Gungu wakauliza amefiwa na nani. Mtu akasema mumewe hakuonekana kwenye matofali jana. Habari ilipofika Simbo, Wilfred alikuwa amekufa maji. Ilipofika Kidahwe alikuwa ameopolewa, na kuna aliyejua hata suruali aliyokuwa amevaa.

Wakaanza kuja. Akina mama wa Gungu na mafungu ya kuni kichwani. Ndugu wa Kidahwe na maharage na mikungu ya ndizi. Kwaya nzima, wamevaa sare. Kila aliyefika alianza kulia akiwa mbali, na kila aliyekaribia alimwona marehemu akichota maji na ndoo, amevaa fulana iliyochanika kwapani, akisalimia watu kwa aibu. Wengine walipiga ishara ya msalaba. Mama mmoja wa Gungu alitaka kurudisha kuni zake nyumbani, lakini mwenzake akamwambia kuni zikishafika msibani hazirudi. Na huo ndio ulikuwa ukweli. Vyungu vilikuwa vimeshatengwa, moto umewashwa, wageni wamekaa. Msiba ulikuwepo, hata kama maiti hakuwepo.

Bwana samaki naye alifika, akasimama akikuna kichwa, akijaribu kukumbuka kama chuoni walifundishwa jambo la namna hii. Wilfred akampa kigoda. Akakaa upande wa wanaume, akapewa kazi ya kuchambua maharage.

Karibu na adhuhuri bodaboda ilisimama juu ya mwalo, na kutoka mgongoni mwake akashuka bibi kizee mwembamba, dumu la mawese mkononi, akilia kwa sauti iliyowasimamisha watu. Alikuwa Yunisi. Alikuwa hajaukanyaga mchanga ule tangu alipohamia Simbo.

"Yemwe, mkwe wangu! Ziwa hili limenifanya nini? Limemchukua Anatoli, na sasa Wilfred, yemwe..."

"Shikamoo, mama," alisema Wilfred, amesimama mbele yake na ndoo.

Bibi alinyamaza kama redio iliyokatiwa umeme. Alimshika mashavu, akamshika mabega, akahakikisha. Kisha akamchapa kofi la mgongo kwa kosa la kuwa hai, akamkumbatia, akamchapa tena. Watu walicheka huku wakifuta machozi, na Wilfred aliyapokea yote kwa heshima.

Selestini aliona mlango umefunguka. Alimwendea mama yake haraka, akampokea dumu. "Mama, afadhali umekuja. Mwambie dada akunje mkeka. Amewaita watu kuwalilia samaki. Samaki, mama! Amewatoa watu Kidahwe na maharage. Na vyombo vimekaa."

Yunisi alimgeukia binti yake. Uso wake ulikuwa umebadilika. "Scola. Umemtandikia nani mkeka huu?"

Scola aliogopa. Mbele ya wanaume na taa zao hakuogopa, lakini mbele ya mama yake aliona jinsi jambo lile lilivyokuwa dogo na jinsi lilivyokuwa kubwa. "Sangala, mama," alisema polepole. "Nisamehe. Sikuwa na njia nyingine ya kuwazuia."

Yunisi aliutazama mkeka wenye tundu pembeni, halafu maji, kwa muda mrefu. Kisha akavua viatu vyake vya plastiki, akaviweka pamoja vizuri, akakaa kwenye mkeka kando ya binti yake.

"Sangala si ndugu yangu," alisema. "Lakini ndiye aliyeondoka na baba yenu. Zamani walimvua hapo tu, hapo kwenye yale mawe, ukimwita mtu kula anasikia. Wakaja na nyavu kubwa, wakakomba. Sangala akahamia mbali. Na mwenye nyavu, aliyekuwa na gari na marafiki wilayani, akasema nendeni huko huko mbali, leteni. Baba yenu hakutaka. Siku ile upepo ulikuwa mbaya, alisema hapana. Akaambiwa, usipokwenda mtumbwi huu anapewa mwingine. Akaenda."

"Mama," Selestini alisema, "haya hukuwahi kutuambia."

"Nikuambie lini? Wewe ulikuwa ukiniuliza kila siku kwa nini niliukunja mkeka wakati baba hajarudi. Ulikuwa mdogo, ukanuna, ukakataa kula. Nikakuacha uninunie mimi kuliko kumnunia mwenye nyavu, maana mimi sikuwa na bunduki wala gari." Alipapasa ukindu kwa kiganja. "Mkeka wangu sikuukunja. Ulikunjwa. Mwenye nyavu alisema vyombo haviwezi kulala kwa ajili ya mtu mmoja, akatuma watu wake alfajiri, wakaninyanyua nikiwa nimesinzia, wakaukunja, wakautupa kwenye magugu. Hakuna mwanamume wa mwalo huu aliyesema kitu. Wote waliingia ziwani asubuhi hiyo."

Wanaume wazee waliokuwepo waliinamisha vichwa. Wawili watatu walikuwepo siku ile.

"Leo nimepata mkeka ambao hakuna wa kuukunja," alisema Yunisi. "Niacheni nilie. Sikumaliza."

Na akalia. Hakulia kama alivyolia kwa mkwe aliyekuwa hai, kwa sauti na maneno. Alilia kidogo kidogo, akitikisika, kama mtu anayetua mzigo alioubeba mpaka akausahau. Scola alimshika.

Selestini alisimama, kisha akageuka akaondoka akipanda kuelekea dukani. Wavuvi wake wakatazamana. Mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba amekwenda kuleta mafuta ya mashine, leo lazima wanaingia. Scola alisikia, akafumba macho, maana hakuwa na kitu kingine cha kutandika.

Aliporudi alikuwa amebeba gunia la unga begani, na nyuma yake mtu akivuta mbuzi. Alilitua gunia penye vyungu. Akavua kofia. Akapita kando ya vipe vyake bila kuvitazama, akaenda upande wa wanaume, akakaa chini karibu na bwana samaki, akachukua kiasi cha maharage.

"Baba yangu alipotea hapa," aliwaambia waliokuwa karibu naye, ingawa wote walijua. "Mfiwa ni mimi pia." Akaendelea kuchambua maharage huku haoni yapi mazima yapi mabovu.

Hapo ndipo Scola alipojua kwamba ziwa halitaingiwa.

Jioni ile simu yake iliita. Alikuwa Gloriose, akipiga kelele kutoka Rumonge. "Amahoro, Scola wangu! Pole, pole sana, nasikia Wilfred..."

"Wilfred anakula, huyu hapa." Akamweleza kisa chote, na Gloriose akacheka mpaka simu ikakoroma.

"Nikwambie kitu. Hapa kwetu vijana walikuwa wamepakia taa tangu jana. Walisikia Nyamhoza mnaingia. Walikuwa wanangoja uhakika tu. Leo ikaja habari kwamba kwenu kuna mkeka ukingoni, na wazee wakasema hapana, kwa jirani kuna msiba, hatuwezi kuwasha taa kwenye maji yale yale. Wameshusha."

"Utawaambia ni msiba wa samaki?"

"Nitawaambia ziwa likifunguliwa," alisema Gloriose. "Sasa hivi wacha waheshimu."

Wakubwa wa nchi nne walikuwa wametia sahihi zao kwenye ukumbi wenye viyoyozi, na si ubaya, mtu lazima aanze mahali. Lakini mimi nikiulizwa ni nini kililifunga ziwa wiki ile ya mwisho, nitasema ni mkeka wenye tundu pembeni. Tena nitaongeza kwamba kila mwenye nguvu aliyepita pale, tangu wenye pembe mpaka mwenye nyavu, alijua jambo moja ambalo sisi tulichelewa kulijua: nguvu ni ya yule anayeamua nani atakunja mkeka. Haya, nimeshasema langu.

Siku ya kufunguliwa ilifika na jua kali. Alasiri mwalo ulijaa watu. Vipe vilikuwa vimepangwa, taa zimefutwa, nyavu zimeshonwa upya. Bwana samaki alipanda juu ya ndoo iliyogeuzwa, akatangaza kwa kipaza sauti kwamba ziwa limefunguliwa rasmi.

Hakuna aliyesogea.

Alirudia tangazo akidhani hakusikika. Wanaume walisimama wameshika kingo za vyombo, wote wakimtazama Scola. Na Scola akamtazama mama yake, ambaye hakurudi Simbo siku zote hizo, aliyekula msibani, akalala msibani, na akawakosoa wapishi wote wa msibani.

"Ni wako, mama," alisema Scola.

Yunisi hakufanya haraka. Aliinuka akashikilia goti, akakung'uta mchanga upande huu, akauzungukia mkeka, akakung'uta upande wa pili. Matajiri wenye mashine za bei mbaya walisubiri. Madereva wa malori ya barafu waliotoka mjini walisubiri. Aliukunja mara moja, akausawazisha kwa kiganja, akaukunja tena, akautia kwapani.

"Haya," alisema. "Nendeni."

Kelele zilipasuka, vyombo vikaburuzwa, maji yakaruka. Selestini aliamua usiku huo kwenda mwenyewe, jambo ambalo hakulifanya tangu awe tajiri. Alikuwa amefika majini mpaka kiunoni mama yake alipomwita.

"Selestini! Usiende mbali!"

"Siendi mbali, mama!"

Na hakwenda. Hakuna aliyekwenda. Taa zilipowashwa zilisimama hapo tu, kwenye yale mawe, zikiwa nyingi na karibu, na maji chini yake yalikuwa yanachemka dagaa. Wanawake walikimbilia vichanja kuvifuta vumbi. Yunisi alikaa juu ya mkeka wake uliokunjwa, akisikiliza, na alipomwita mwanawe aje ale, Selestini alisikia.